Mizani ya unga, mizani ya shairi

Januari 2025 nilinunua vitu viwili siku moja: mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri, na daftari la kaunta la kurasa mia mbili. Mizani ilikuwa ya mikate. Daftari lilikuwa la vitabu, maana nilikuwa nimeweka nia ya kusoma vitabu arubaini kabla mwaka haujaisha. Mwaka umekwisha, nimesoma kumi na kimoja, na daftari limejaa alama za vidole vyenye siagi tangu ukurasa wa nne mpaka wa mwisho.

Nieleze kwanza kwa nini mwanamume wa miaka arubaini na mitatu, karani wa kutoa mizigo bandarini, aliingia jikoni. Mke wangu ni muuguzi na zamu zake nyingi ni za usiku. Wiki hizo mimi ndiye ninayewaamsha watoto na kuwapa chai, na mkate wa dukani walikuwa wameshauchoka. Halafu Novemba iliyotangulia, shangazi yangu alihamia kwetu Tudor, Mombasa, kutoka Kuze, Mji wa Kale. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alikuwa haoni tundu la sindano, wala hazioni vizuri ngazi za nyumba yake, zile ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia dari. Mtu aliyepikia harusi za mtaa mzima kwa miaka thelathini, akawa anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jiko letu, anasikiliza.

Mkate wangu wa kwanza niliutoa kwenye maelezo ya intaneti yaliyoandikwa na mtu wa nchi ya baridi. Unga nusu kilo, hamira gramu saba, chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu, kanda dakika kumi, funika, subiri saa moja na nusu. Nilitii kila neno. Lakini ilikuwa Januari, kaskazi, upepo wa miezi ya joto, imeshika, saa nane mchana, na jiko letu lina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kabla saa moja haijatimia donge lilikuwa limeshavuka ukingo wa bakuli. Niliporudi kutoka dukani lilikuwa limezama katikati kama godoro la zamani. Nikalioka vivyo hivyo. Ukoko ulikuwa mgumu, ndani mna matundu makubwa na harufu ya tui lililolala.

Shangazi aliinusa kabla sijafungua mlango wa oveni. "Umechacha," alisema. "Nipa kidogo nionje." Akaonja, akatafuna polepole, akasema, "Hamira umetia ya harusi, na watu ni wanne."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hamira. Ni kitu hai. Hula sukari, ikatoa hewa inayoumua unga pamoja na kileo kidogo kinachotoa ile harufu. Joto likizidi inakula mbio, chakula kikiisha donge linachoka, utando wa unga unakatika na hewa inatoka. Maji ya moto sana ndiyo yanayoiua kabisa. Kwa hiyo kipimo cha nchi ya baridi si kipimo cha Mombasa ya Februari. Nilipunguza hamira mpaka gramu tatu kwa nusu kilo, nikatumia maji ya friji badala ya uvuguvugu, na chumvi sikuipunguza kwa sababu chumvi huitia hamira lijamu. Baadaye nikajifunza kukanda saa mbili usiku na kulaza donge ndani ya friji mpaka alfajiri. Mkate ule, watoto waliula bila kutia kitu.

Na kipimo chenyewe hakikai. Ilipofika Julai, kusi inavuma na asubuhi unatafuta shuka, donge la gramu tatu lilikaa saa mbili limenuna vile vile. Ikabidi nirudi kwenye sita. Ile daftari ya vitabu ndipo ilipoanza kuingiliwa, kwa sababu nilikuwa sina karatasi nyingine karibu: upande wa kushoto jina la kitabu, upande wa kulia tarehe, upepo, hamira, dakika.

Kuhusu vitabu, miezi mitatu ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa na orodha, na orodha ilikuwa ikinifukuza. Nilisoma ndani ya matatu, nilisoma kwenye foleni ya feri ya Likoni, nilisoma ofisini nikingoja stakabadhi. Nikimaliza kitabu naandika jina na tarehe, naingia kingine. Siku moja mke wangu aliniuliza kile nilichomaliza Jumapili kilihusu nini. Nilimtajia jina la mhusika mmoja, nikakwama. Kitabu cha kurasa mia tatu, siku tano nyuma. Nilikaa kimya, na kusema kweli niliumia, maana nimependa vitabu tangu utotoni na hapo niliona nimekuwa nikivihesabu tu, kama makontena.

Mambo yaligeuka Ramadhani, ambayo mwaka huo iliangukia Machi. Nilikuwa jikoni baada ya tarawehe, donge limefunikwa, na joto lilikuwa kali kiasi kwamba singeweza kuliacha peke yake. Nilikuwa nimevuta kigoda, nimefungua kitabu. Shangazi akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, "Wamsomea nani?"

"Najisomea tu, shangazi."

"Basi soma nasi tusikie."

Kitabu chenyewe kilikuwa Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Abdilatif ni mwana wa Mombasa, alizaliwa hapa 1946. Alifungwa miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuikosoa serikali ya wakati ule, na mashairi hayo aliyaandika kwa siri gerezani, mengine juu ya karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973. Shangazi alikuwa msichana wa miaka kumi na sita Abdilatif alipofungwa, na anakumbuka watu walivyokuwa wakishusha sauti wakitaja habari hiyo barazani. Kitabu hajapata kukishika.

Nilisoma ubeti wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu akainua mkono. "Hapo umeruka."

Nikatazama. Sikuwa nimeruka kitu. Nikarudia. "Umeruka tena," akasema. "Mstari umepungua."

Nilisoma mara ya tatu huku nikigusa kila silabi kwa kidole, na nikaona. Kulikuwa na neno linaloanza kwa m, na mimi nalitamka kama watu wa ofisini tunavyotamka, m imemezwa, imekuwa kivuli tu cha silabi inayofuata. Katika shairi m ile ina haki yake. Ni mizani nzima, yaani silabi kamili. Shairi la kawaida la huku kwetu lina mizani kumi na sita kila mstari, nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane upande wa utao, nusu ya pili, na mimi nilikuwa nasoma mstari wenye kumi na tano. Shangazi hakuwahi kufundishwa hesabu hiyo darasani. Hajui hata kama inaitwa silabi. Alijua mstari umepungua kama anavyojua chumvi imepungua.

Tangu usiku ule sikusoma tena kimya jikoni. Donge likifunikwa, kitabu kinafunguliwa. Dakika arubaini za kaskazi ni beti thelathini hivi kwa mwendo wetu, kwa sababu shangazi husimamisha, huuliza, hurudisha nyuma, na mara nyingine huanza kusimulia mambo yake mpaka donge likapita kiwango na mimi nisiseme kitu.

Tulipomaliza hicho tukaingia Utendi wa Mwana Kupona. Nilidhani mimi ndiye nitakayemfungulia. Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate, aliutunga 1858 akiwa mgonjwa, usia kwa binti yake, beti zaidi ya mia. Nilianza kusoma, na shangazi akaanza kusema pamoja nami. Kisha akanipita. Aliujua karibu nusu yake kwa moyo, kwa mahadhi, kama alivyoupokea kwa bibi yake wakati wa kusukwa nywele. Pale kitabu kiliposema neno moja na yeye akasema jingine, tulisimama tukabishana, na mara mbili nilikubali kwamba lake linakaa vizuri zaidi kwenye zile mizani nane. Yako maneno ndani ya utendi huo ambayo sikubaliani nayo kuhusu mke na mume, na mke wangu aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu alisema wazi kwamba yeye hayakubali kabisa. Shangazi alicheka. "Lakini sikia vile ampendavyo mwanawe," alisema, na hilo hakuna aliyelipinga.

Sasa nije kwenye mkate wa mayai, kwa sababu ndio kitu nilichokitafuta mwaka mzima.

Mkate wa mayai wa shangazi hauna hamira wala bekin pauda. Ni mayai, sukari, unga, iliki, na kidole cha samli cha kupaka sufuria. Unachoumuka nacho ni hewa iliyopigwa ndani ya mayai, basi. Nimekula mkate huo tangu sijaota meno, lakini kila nikimuuliza vipimo jibu lilikuwa moja: kiasi. Unga kiasi gani? Kiasi chake. Sukari? Mpaka uone. Na yeye hakuwa akiona tena.

Kabla ya Idd aliniambia anataka kuupika mwenyewe. Nilimwekea kila kitu mezani, nikamwomba ruhusa ya kutumia mizani yangu. "Pima utakavyo," alisema, "mimi sitakungojea." Niliweka bakuli juu ya mizani, nikafuta namba ikawa sifuri. Akavunja mayai sita, moja moja, kila moja akilinusa kwenye kikombe kabla ya kulimimina. Gramu 303. Akatia sukari. Akapiga kwa ule waya wa kupigia mayai, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mimi, kisha yeye tena, dakika ishirini na tano kwa saa ya ukutani. Mayai yalianza manjano ya kukolea, yakawa ya maziwa, yakapanda mara tatu. Kila baada ya muda aliinua waya na kutega sikio. Mwanzoni matone yalikuwa yakilia. Mwishoni yalishuka kama kamba, yakalala juu juu bila kuzama, bila sauti. "Haya," akasema.

Kisha akachota unga kwa kiganja. Kiganja kimoja, cha pili, cha tatu, akinyunyiza kwa vidole na kukunja polepole kwa mwiko, kutoka chini kuja juu, asije akaitoa ile hewa. Kiganja cha mwisho alikishika hewani, akarudisha nusu yake kwenye mfuko. Nilitazama namba. Unga gramu 182.

Wiki mbili baadaye alipika tena. Mayai 298, unga 179. Nikasema ni bahati. Mara ya tatu muuzaji wa Kongowea alikuwa hana mayai ya kizungu, nikaleta ya kienyeji, madogo, sita yake yakawa gramu 262 tu. Sikumwambia. Aliyavunja, akayapiga, akachota unga, akarudisha kilichozidi. Gramu 158.

Nilitoa kalamu nikapiga hesabu ukingoni mwa daftari huku mikono inatetemeka kidogo. Sehemu sita za unga kwa kila sehemu kumi za mayai, mara zote tatu. Kile alichokuwa akikiita kiasi hakikuwa kubahatisha. Kilikuwa kipimo kilichosimama sawasawa, kinachofuata ukubwa wa yai, na mashine yangu ya betri ilikuwa inakuja nyuma yake kushuhudia. Nilimuuliza anajuaje. Alifikiri kitambo. "Mwiko hunambia," alisema. "Ukiwa mwepesi waongeza, ukianza kuvuta waacha." Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Ni kama ule mstari wako."

Kuoka kwenyewe alitaka makaa, na tulioka kibarazani: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko cha bati. Nimejaribu baadaye kwa oveni ya gesi, nyuzi 170, dakika thelathini na tano, na unatoka mzuri. Ila ule wa makaa una ngozi ya juu ya rangi ya asali ambayo gesi haijanipa bado.

Kuanzia hapo kusudi la daftari likabadilika. Niliacha kabisa ile orodha ya arubaini. Riwaya moja ambayo kila mtu aliisifu niliifunga ukurasa wa themanini, sikujilazimisha. Nilianza kuandika mapishi ya shangazi kwa maneno yake, na pembeni yake namba zangu. Mkate wa sinia, wenye mchele uliorowekwa na tui zito. Mahamri, ambayo siri yake ni kukanda kwa tui na si maji. Kila moja niliandika baada ya kulipika mara tatu mbele yake.

Nikiandika hayo nilikuwa namfikiria sana Muyaka bin Haji. Muyaka alikuwa malenga wa Mombasa hii hii, alifariki karibu na 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua alikaa na kuyaandika kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akisaidiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Kuna watu wa Mombasa wanaoweza kukusomea Muyaka sasa hivi barazani, lakini wangapi wanamtaja Sikujua? Mimi mwaka huu nimempenda mtu huyo. Nimejua kazi yake ilivyo. Unakaa na mzee, unauliza, anakwambia kisha anajikosoa, kesho anasema neno jingine, na wewe unapaswa kujua lipi ndilo.

Agosti na Septemba zilikuwa za Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata tuzo ya Nobel. Nilikuwa na shaka kama nathari itamshika shangazi kama mashairi. Ilimshika. Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, alimkosesha usingizi. Asubuhi nakuta ameshaketi kwenye kiti, ananiuliza kama leo kuna mkate, maana kama kuna mkate kuna kusoma. Wiki hizo tulioka kuliko tulivyoweza kula, na majirani wa ghorofa ya chini walifaidika. Yule baba, shangazi hakumsamehe. Kila jina lake likitajwa alikuwa akisema, "Mtu hamweki mtoto rehani," kwa sauti ya kumwambia mtu aliyepo.

Novemba alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku ya pili bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokitazama kwa makini kilikuwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaomba daftari.

Hapa palikuwa na tatizo nililolijua mapema. Shangazi hasomi herufi za Kirumi. Alisoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kwa hivyo husoma herufi za Kiarabu, kama wazee wengi wa Mji wa Kale, na tenzi hizi zote za kale zilikuwa zikiandikwa kwa herufi hizo kwa maneno ya Kiswahili. Oktoba nilikuwa nimemwomba mwalimu wa chuo cha watoto wangu anisaidie kunakili ukurasa wa mkate wa mayai kwa hati hiyo. Mwandiko wake ni safi, mistari imepangika kama beti. Nilikuwa nimeubandika ndani ya jalada la nyuma.

Alikaa karibu na dirisha, akaufikicha ukurasa kwa kidole kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Mayai sita, yavunjwe moja moja. Sukari. Yapigwe mpaka matone yasilie. Alisoma polepole, jicho moja limefumbwa. Alipofika kwenye namba za unga alizipita bila kusema neno, kama mtu anayepita nyumba ya mtu asiyemjua. Akafika kwenye makaa. Akasimama.

"Hapa umeruka," alisema.

Nilisogea. Akaweka kidole pale. Makaa ya chini huondolewa kwanza, ya juu yakaachwa kidogo mpaka ngozi ishike rangi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara tatu, na mara tatu nilikuwa nikitazama saa. Nilichukua kalamu nikampa. Akaandika mwenyewe pembeni, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono unatafuta njia yake, na mimi nikaenda kuwasha jiko.